Shabiki wa Kompyuta Anatetea Nini Hasa?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa kompyuta na mafundi. Tumeiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, mafundi mlioacha kazi mezani mkaja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni: habari za jioni.

Nianze na swali. Ni nani humu ndani hajawahi kubishana na mwenzake kuhusu kompyuta? Windows au Mac? Mac au Linux? Anyooshe mkono. Naona mikono yote iko chini. Basi jambo hili linatuhusu sote.

Sikuja kutoa kombe kwa upande wowote. Nimekuja na swali moja tu: shabiki wa kompyuta anatetea nini hasa? Maana hana hisa kwenye kampuni. Halipwi mshahara. Kampuni yenyewe haimjui hata kwa jina. Lakini yuko radhi kununiana na rafiki yake wiki nzima kwa ajili ya boksi la plastiki. Wengine husema ni utoto. Mimi nasema hapana. Anatetea fedha aliyotoa, muda aliojifunza, kazi zake zilizomo humo, na watu anaobadilishana nao vitu. Hayo yote ni mali yake halali. Tatizo huanza pale anapodhani kwamba kwa kuyatetea hayo anaitetea kampuni, na kwamba kampuni nayo inamtetea yeye.

Twende Uingereza, mwaka 1982.

Tarehe 23 Aprili mwaka ule, kampuni ya Sinclair ilitangaza ZX Spectrum. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, yenye 48 iliuzwa pauni 175. Mwezi Agosti, huko Marekani, Commodore 64 ikaingia sokoni kwa dola 595, kisha ikavuka bahari. Haukupita muda, viwanja vya shule vya Uingereza vikagawanyika. Huyu wa Sinclair, yule wa Commodore, na hakuna wa katikati.

Walibishania nini? Kubwa lilikuwa rangi. Kwenye Spectrum, mchezaji mweupe akipita mbele ya mti wa kijani, kipande cha mti kinageuka cheupe, au yeye mwenyewe anageuka kijani. Watoto wa Commodore walicheka mpaka machozi. Lakini hebu tuangalie kwa karibu kwa nini ilikuwa hivyo, kwa sababu hapa pana somo la uhandisi.

Skrini ya Spectrum ina nukta 256 kwa 192, na kila nukta imepewa biti moja: imewaka au imezimwa. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo hizo ni baiti 6,144. Rangi zinakaa sehemu nyingine ya kumbukumbu. Skrini imekatwa miraba ya nukta 8 kwa 8, mistari 24 yenye miraba 32, yaani miraba 768, na kila mraba una baiti moja inayotaja rangi mbili tu, ya wino na ya karatasi. Vitu viwili vyenye rangi tofauti vikiingia kwenye mraba mmoja, lazima kimoja kimeze rangi ya mwenzake. Jumla ya yote ni baiti 6,912. Sasa fanyeni hesabu ya njia nyingine: kila nukta ingepewa biti nne ili ichague rangi yake yenyewe, zingehitajika baiti 24,576. Na ile mashine ya pauni 125 ilikuwa na baiti ngapi kwa kazi zote? 16,384! Skrini peke yake isingeenea. Kwa hiyo ile kasoro haikuwa uzembe wa mtu. Ndiyo iliyowezesha mzazi wa kipato cha kawaida kuinunua.

Je, Commodore ilikuwa bora? Kwa picha za michezo, ndiyo. Chipu yake ya VIC-II iliweza kutembeza vikaragosi nane juu ya mandhari bila kuyagusa, kila kimoja nukta 24 kwa 21. Chipu yake ya sauti, SID, kazi ya Bob Yannes, ilipiga sauti tatu kwa pamoja, wakati Spectrum ilikuwa na spika ndogo inayolia pii. Lakini mtoto wa Spectrum hakukosa jibu. Alisema: haya, pakia mchezo wako tuone. Michezo ilikaa kwenye kaseti, na ya Commodore, kwa mwendo wake wa kiwandani, ilisoma kama baiti 50 kwa sekunde. Ya Spectrum ilikwenda takriban mara tatu ya hapo.

Na aliyekuwa na uwezo wa kununua kisoma diski cha 1541 naye alingoja. Kilipitisha baiti kama 400 tu kwa sekunde, ingawa ndani yake kilikuwa na prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, na kilobaiti mbili za kumbukumbu. Kwa nini basi kikawa kizito vile? Kwa sababu mashine iliyotangulia, VIC-20, ilitoka na chipu yenye hitilafu kwenye sehemu ya kusukuma biti, ikabidi programu izisukume moja moja. Commodore 64 ikarithi njia hiyohiyo ili vifaa vya zamani visitupwe, tena ikapunguzwa mwendo zaidi, kwa kuwa VIC-II humsimamisha prosesa kila inapochota data za picha. Watunzi wa programu walipogundua kwamba kile kisoma diski ni kompyuta kamili, waliandika maelekezo yao wenyewe, wakayatuma yakakae ndani yake, na kasi ikapanda mara kadhaa. Nawaomba mlishike hilo, nitalirudia.

Lakini ndugu zangu, jiulizeni: yule mtoto aliichagua mashine yake? Hakuichagua. Alinunuliwa na wazazi, mara nyingi Krismasi, na hakukuwa na ya pili. Kaseti ya mashine ya prosesa Z80, yaani Spectrum, haifanyi kazi kwenye mashine ya 6510, yaani Commodore, hata ukiibembeleza. Kama darasani wenzako kumi wana Spectrum, una watu kumi wa kubadilishana nao kaseti, kupeana mbinu, kuazimana joistiki. Ukiwa na Commodore peke yako, huna mtu. Kwa hiyo mtoto aliyemshawishi jirani anunue kama yake hakuwa anapiga domo bure. Alikuwa anajiongezea maktaba. Ushabiki ule ulikuwa na hesabu ndani yake.

Sasa sikilizeni kisa cha pili, ambacho mimi naona ndicho kinachofundisha kuliko vyote.

Mwaka 1985 zilitoka mashine mbili mpya, Atari ST na Commodore Amiga. Mashabiki wao walitukanana hasa Ulaya, miaka ya mwisho ya themanini na mwanzo wa tisini. Wa Atari alimwita wa Amiga mcheza michezo. Wa Amiga alimwita wa Atari maskini. Kila mmoja aliitetea nembo yake kwa moyo wote.

Nani alizitengeneza? Hapo ndipo penye jambo.

Jack Tramiel ndiye aliyeanzisha Commodore. Januari 1984 aligombana na wakubwa wenzake, akaondoka. Julai mwaka uleule akainunua kutoka kampuni ya Warner ile sehemu ya Atari inayotengeneza kompyuta na michezo ya nyumbani. Wahandisi kadhaa wa Commodore walimfuata, akiwemo Shiraz Shivji, aliyeongoza ubunifu wa Atari ST. Upande wa pili, Jay Miner alikuwa mhandisi wa Atari. Chipu za Atari 2600 na za kompyuta za Atari 400 na 800 zilipita mikononi mwake. Akatoka, akajiunga na kampuni changa iliyokuja kuitwa Amiga. Kampuni hiyo ilipoishiwa fedha, Atari ile ya kabla ya Tramiel iliikopesha dola 500,000. Commodore ikaingia kati, deni likarudishwa, na Agosti 1984 Commodore ikainunua Amiga yenyewe. Kesi zikafunguliwa mahakamani kila upande.

Mmeona kilichotokea? Mashine yenye nembo ya Atari ilibuniwa na watu wa Commodore. Mashine yenye nembo ya Commodore ilibuniwa na watu wa Atari. Ni sawa na mwenyekiti wa Yanga ahamie Simba na wachezaji wake, benchi la ufundi la Simba lihamie Yanga, halafu Jumamosi mashabiki waingie uwanjani na jezi zilezile na matusi yaleyale. Kijana aliyekuwa na Atari 800 mwaka 1983, akanunua ST kwa uaminifu kwa nembo, aliiacha kazi ya Jay Miner bila kujua. Aliyetoka Commodore 64 kwenda Amiga naye alimwacha Tramiel. Waliohama wote walikuwa wenye kampuni na wahandisi wao. Aliyebaki mwaminifu ni mnunuzi peke yake.

Twende kwenye ubishi wenyewe. Nani alikuwa na haki?

Shabiki wa ST alianza na namba. Mashine zote mbili zilitumia prosesa moja, Motorola 68000. Kwenye ST ilikwenda megahezi 8, yaani mapigo milioni 8 kwa sekunde. Kwenye Amiga ya Ulaya ilikwenda 7.09, na ya Marekani 7.16. Basi sisi ni wenye kasi zaidi, mjadala umefungwa. Alisema kweli? Kwa namba, ndiyo. Lakini wahandisi wa Amiga hawakukosa prosesa ya megahezi 8. Waliichagua 7.16 kwa sababu ni mara mbili ya mapigo ya rangi ya televisheni ya Marekani, 3.58. Mashine inayopiga mapigo sawa na televisheni ni rahisi kuichanganya na picha ya video bila picha kutetereka. Isitoshe, Amiga ilikuwa na chipu za pembeni, Agnus, Denise na Paula, zilizohamisha vipande vya picha, zikabadilisha rangi katikati ya skrini na kupiga sauti nne zilizorekodiwa, huku prosesa ikifanya kazi nyingine. Rangi 32 kwa wakati mmoja kati ya 4,096, wakati ST ilikuwa na 16 kati ya 512.

Basi Amiga ilishinda? Subirini. Geuzeni mashine ya ST muangalie soketi zake. Kuna soketi mbili za duara za MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme huzungumza na kompyuta, zimejengwa kwenye mashine yenyewe. Kinanda cha umeme kinachomekwa moja kwa moja, data zinatembea biti 31,250 kwa sekunde, na hununui kifaa cha ziada. Ongeza skrini yake ya rangi moja, nukta 640 kwa 400, inayojichora upya kama mara 71 kwa sekunde. Imetulia kama karatasi, na mtu anaweza kuandika au kusoma nota siku nzima. Amiga ikitaka urefu wa nukta kama huo, inachora mistari kwa zamu, hii mara hii, ile mara ijayo, na skrini inatetemeka mpaka kichwa kinauma. Ndiyo maana programu za muziki kama Cubase, iliyotoka 1989, zilianzia kwenye ST, na studio nyingi ziliing'ang'ania miaka mingi baada ya wengine kuisahau. Na ndiyo maana mwaka 1990 kifaa cha kuchanganya video cha Video Toaster kilijengwa kwa ajili ya Amiga, na vituo vidogo vya televisheni Marekani vikaichukua.

Kwa hiyo mwanamuziki wa ST alikuwa sahihi, na mpiga video wa Amiga alikuwa sahihi. Waliopotea ni wale waliouliza ipi bora bila kuuliza bora kwa kazi gani.

Nilisema nitarudi kwenye ufundi wa watunzi wa programu, kama wale wa kisoma diski. Ushindani ule ulizaa jambo moja ambalo mimi naliheshimu sana, na nataka ninyi vijana mlisikie vizuri. Amiga iliweza kutanua picha mpaka ukingoni mwa skrini. Unaandika namba mpya kwenye chipu, basi. ST haikuweza. Picha yake ya mistari 200 ilizungukwa na fremu tupu, na fremu hiyo ilidhaniwa haifunguki. Mashabiki wa Amiga wakaigeuza wimbo. Vijana wa ST walifanya nini? Waliifungua.

Walifanyaje? Kwenye skrini ya rangi, ST inaweza kuchora mara 50 au mara 60 kwa sekunde, kulingana na nchi. Kwenye mara 50, kila mstari unachukua mapigo 512 ya prosesa. Kwenye mara 60 unachukua 508. Chipu inayosimamia picha hukagua mahali maalumu: je, huu ndio mstari wa mwisho? Ukiibadilisha iende kwenye 60 kabla tu ya ukaguzi, kisha ukairudisha 50 mara tu baada yake, ukaguzi unapita bila kuona kitu, na chipu inaendelea kuchora picha ndani ya fremu ya chini. Ukikosea mapigo machache tu, picha inaruka au inavunjika. Kwa fremu za kulia na kushoto ni kazi nzito zaidi, kwa sababu lazima ufanye hivyo kwenye kila mstari, na prosesa inabaki kuhesabu mapigo badala ya kufanya kazi nyingine. Kwa hiyo unachukua programu yako ya muziki na ya kuchora, unaikata vipande, unahesabu kila amri inakula mapigo mangapi, unavipanga katikati ya mabadiliko hayo. Kwa mkono. Kwa kalamu na karatasi.

Vijana waliofanya hivyo, huko Sweden, Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, wengi walikuwa bado wako shule. Waliandika maonyesho ya picha na muziki, na chini yake maandishi yanayotembea, yenye salamu kwa marafiki na vijembe kwa wapinzani. Vijembe vimesahaulika. Ujuzi haukupotea, wengi wao waliingia nao kazini. Je, wangehesabu mapigo 512 kama kusingekuwa na mpinzani wa kuwacheka? Sidhani.

Ushindani ule ulikuwa na hasara pia, tena iliwaangukia walewale mashabiki. Kwa kuwa prosesa ilikuwa moja, wachapishaji wa michezo waliona njia fupi: andika mchezo kwa ST, kisha upeleke kwenye Amiga na mabadiliko machache. Matokeo yake mwenye Amiga, aliyelipa zaidi kwa ajili ya chipu zake, aliletewa mchezo wa rangi 16 unaotembea kwa kusuasua huku chipu zake zimelala. Alimlaumu nani? Alimlaumu mwenye ST! Mwenye ST hakuandika ule mchezo. Aliyepiga hesabu ni mchapishaji.

Na wakati wanalaumiana, mashine za aina ya IBM PC zilikuwa zinashuka bei na kupata rangi 256 na kadi za sauti. Commodore ilifilisika Aprili 1994. Atari iliunganishwa na kampuni ya kutengeneza diski mwaka 1996. Hakuna kampuni iliyowaandikia mashabiki barua ya kuwaaga.

Kisa cha mwisho ni kifupi. Boston, Agosti 1997, mkutano wa watumiaji wa Mac. Apple, kampuni inayotengeneza Mac, ilikuwa taabani. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, alisimama jukwaani akatangaza kwamba Microsoft itawekeza dola milioni 150 na itaendelea kutoa Office, programu zake za ofisi, kwa ajili ya Mac kwa miaka mitano. Uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, ukajaa kwenye skrini kubwa. Ukumbi ulifanya nini? Wapo waliopiga makofi, na wapo waliozomea. Walizomea kitu gani? Walizomea programu ambayo bila hiyo ofisi nyingi zingezitupa Mac zao. Tena Excel, programu ya mahesabu ya Microsoft, ambayo wengi wenu mnaijua kama mali ya Windows, ilitoka kwanza kwenye Mac mwaka 1985, miaka miwili kabla ya kufika Windows. Jobs aliwaambia waziwazi waachane na wazo kwamba ili Apple ishinde, lazima Microsoft ishindwe. Wenye kampuni walikuwa wameshakaa meza moja.

Sasa turudi hapa kwetu, kwa sababu mafundi wananiangalia wanataka kitu cha kwenda nacho dukani.

Mteja anaingia steshenari na flashi iliyotoka kwenye Mac. Ndani kuna faili mbili zenye jina karibu sawa: "barua.docx" na "._barua.docx". Anayechapa anafungua hiyo ya pili, Word inasema faili imeharibika, na ubishi unaanza: hizi Mac zenu hazifai! Faili haijaharibika. Hiyo yenye nukta na mstari wa chini mbele ni kumbukumbu ndogo ambayo Mac hujiwekea pembeni, kwa kawaida kilobaiti 4 tu. Fungua ile nyingine.

Flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa faili wa NTFS kwenye Windows, Mac inaisoma lakini haiandiki. Mwenye Mac anadhani flashi imefungwa. Mpangilio wa FAT32 unaandikwa kote, lakini haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Video ya harusi inagoma katikati, na mtu analaumu waya. Kwa kubebea kati ya pande zote mbili, fomati kwa mpangilio wa exFAT. Windows inaandika, Mac inaandika, na Linux inaielewa yenyewe tangu kernel, yaani kiini cha mfumo wake, 5.4 ya mwaka 2019, baada ya Microsoft kuweka maelezo yake hadharani. Kwenye Mac, fungua programu ya Disk Utility, chagua kuonyesha vifaa vyote, gusa jina la kifaa chenyewe, lile la juu kabisa, chagua ExFAT pamoja na Master Boot Record. Tahadhari mbili. Redio za magari na televisheni za zamani mara nyingi hazijui exFAT, hizo ziachieni FAT32. Na exFAT haina daftari la kujirekebisha, kwa hiyo ukichomoa flashi wakati inaandika unaweza kupoteza faili nyingi kwa mpigo. Iondoeni kwanza kwenye mfumo, ndipo mchomoe.

Na kazi ya kuchapa, mletewe kwa PDF. Hati ya Word ikikosa fonti yake kwenye mashine nyingine, kurasa 12 zinakuwa 13, jedwali linakatika, na mteja anakataa kulipa.

Nimemaliza upande wangu, tunaingia kwenye maswali. Aliyekuja na flashi anayotaka kuifomati asogee hapa mezani baadaye, mashine zipo za aina zote tatu. Ila hamisheni kwanza vilivyomo, kwa sababu kufomati kunafuta kila kitu.